Kioo nyuma ya shamba la mkonge: mistari inavunjika, nifanyeje?

Mwana_Kimamba (Morogoro)

Wakuu, salamu kwenu wote.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, na huu ni mwaka wa pili najenga mfano wa stesheni ya Kimamba juu ya meza. Baba alikuwa stesheni masta pale, na sisi watoto tulilelewa kwenye nyumba za reli. Ukifungua dirisha la nyuma ni mkonge, mkonge, mkonge mpaka chini ya milima. Baba yupo, naishi naye, ila miguu imemgomea na Kimamba hawezi kwenda tena. Nataka Kimamba imfuate sebuleni.

Treni ni ya kipimo cha HO, yaani 1:87, seti aliyoniachia kaka yangu aliporudi kutoka Ujerumani. Ubao una urefu wa sentimita 120 na upana wa 50. Jengo la stesheni liko mwisho wa kushoto. Reli inapita mbele, sentimita 40 kutoka nyuma ya ubao, na hizo 40 ndizo shamba la mkonge.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Sentimita 40 kwa kipimo hiki ni mita 35 tu, na mita 35 za mkonge ni kitalu cha mtu nyuma ya nyumba. Nikakumbuka saluni ya jirani yangu, chumba kidogo kinavyoonekana kikubwa kwa sababu ya kioo. Nikanunua kioo cha kujitazamia cha milimita 5, sentimita 90 kwa 25, nikakisimamisha nyuma ya shamba.

Shamba limekuwa refu kweli, lakini halidanganyi mtu. Mistari ya mkonge niliipanda kwa mshazari kwa sababu niliona inapendeza, na kwenye kioo kila mstari unarudi upande wa pili kama V. Chini, kioo kinapogusa udongo, kuna ufa wa kijani-kijani unaoonekana toka mbali. Treni ikipita zinapita mbili, sambamba, na Kimamba ninayoijua haikuwa na treni mbili zilizoshikana mikono. Na juu ya shamba, pale nilipotaka anga, naona shingo yangu na kanga niliyovaa.

Mikonge iliyokwisha kupandwa ni zaidi ya 600, kila mmoja nimeukata kwa mkasi kutoka karatasi ya manila niliyoipaka rangi. Kabla sijang'oa hata mmoja naomba ushauri. Kioo kinaweza kufanya kazi hii, au nikiondoe nichore tu?

Fundi_Vioo (Ilala)

Dada, habari za Moro. Mimi treni sijui, vioo ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nitajibu huo ufa.

Kioo cha kujitazamia utando wake wa fedha uko nyuma ya bilauri, yaani ile sehemu angavu ya kioo. Mkonge wako unagusa uso wa mbele, lakini taswira inaanzia kwenye utando. Jicho linaona nafasi kati ya mmea na mwenzake. Kwa bilauri ya kawaida nafasi hiyo ni kama unene wa kioo mara moja na theluthi, kwa hiyo milimita 5 inakupa karibu milimita 7. Kwa kipimo chako cha 1:87 hiyo ni zaidi ya nusu mita ya hewa katikati ya shamba! Na ule ukijani ni rangi ya bilauri yenyewe ikitazamwa kwa unene.

Dawa ya kwanza ni rahisi: tumia kioo chembamba. Mafundi wa fremu za picha wana cha milimita 2. Nafasi inashuka hadi chini ya milimita 3, na ukipanda majani mafupi mpaka ncha zake ziguse kioo, hakuna atakayeiona.

Dawa ya pili ni kioo chenye utando mbele. Hivyo haviuzwi madukani kwetu, lakini nenda kwa wanaotengeneza mashine za fotokopi na skana mbovu, waombe vioo vya ndani. Ni vipande virefu vyembamba, karibu urefu wa karatasi, upana wa vidole viwili hivi. Kwa shamba lako havitoshi, ila ukiwa na mtaro au njia inayopita katikati ya nyumba mbili vinafaa sana. Kuvitambua, gusisha ncha ya kalamu: ikikutana na ncha ya taswira bila nafasi, utando uko mbele. Usivifute kwa gazeti wala kwa siki kama tunavyofanya madirisha, utando utatoka. Vumbi lipulize kwa brashi laini, doa litoe kwa pamba na spiriti safi, taratibu, bila kukandamiza.

Jambo la mwisho, nimeona watu wakiliharibu mara nyingi. Usibandike kioo kwa silikoni inayonuka siki. Ile ina asidi, inakula utando kutoka nyuma, na baada ya miezi utaona madoa meusi yanatambaa toka pembeni. Dai silikoni isiyo na asidi, au tumia gamu ya utepe wa sponji. Na kingo zisagwe, dada, mikono yako ni ya kazi.

Mswahili_Leeds

Dada yangu, usikiondoe. Niko Uingereza miaka mingi, nipo kwenye klabu ya wajenzi wa treni ndogo hapa, na vioo nimevitumia kwenye mbao zangu mbili. Shida zako karibu zote ni hesabu ya pembe.

Kuhusu mshazari. Mstari wowote unaofika kwenye kioo kwa pembe mraba unaendelea mbele umenyooka. Ukiupinda kidogo, kioo kinaupinda mara mbili. Ulioupotosha kwa nyuzi 20 utavunjika kwa nyuzi 40. Ndiyo V yako hiyo. Barabara, mtaro, reli, uzio, matuta ya mahindi, vyote vinafuata sheria hiyo moja. Kwa hiyo ndiyo, mistari lazima ing'olewe ipandwe ikiutazama uso wa kioo mraba. Pole sana, 600 si mchezo.

Kuhusu kanga na treni pacha. Watu wengi hununua kioo kirefu wakidhani urefu ndio unaoleta umbali, kumbe urefu ndio unaotoa siri. Jicho lako liko juu ya ubao, unatazama kwa kuinamia. Sehemu ya chini ya kioo inakuonyesha udongo ulio karibu na kioo. Kadiri unavyopanda juu ya kioo ndivyo kinavyokuonyesha vitu vilivyo mbali nacho: shamba, kisha reli, kisha ukingo wa ubao, kisha wewe. Kata kioo kabla hakijafika kwenye reli, na treni pacha haitakuwepo.

Hesabu yake: chukua kimo cha jicho juu ya ubao, zidisha kwa umbali wa reli hadi kioo, gawanya kwa jumla ya umbali wa jicho hadi kioo na umbali wa reli hadi kioo. Tuseme jicho lako liko sentimita 30 juu ya ubao na sentimita 90 kutoka kwenye kioo. 30 mara 40 ni 1,200. Gawanya kwa 130. Unapata 9 na kidogo. Kioo cha sentimita 9, wewe umeweka cha 25!

Juu ya hizo 9 weka milima iliyochorwa. Shamba la kwenye kioo linaishia pale milima inapoanzia, na jicho linaunganisha lenyewe. Ile pindo ya juu ya kioo inageuka kuwa mwisho wa shamba.

Aliyeufanya ufundi huu ujulikane ni John Allen wa Monterey, California. Alikuwa mpiga picha, na reli yake ya HO aliyoiita Gorre & Daphetid ilikuwa na vioo vilivyofichwa hivi, watu wakitazama picha zake kwenye magazeti ya Marekani wasijue chumba kinaishia wapi. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza karibu reli yote. Nadhani kuwa kwake mpiga picha kulimsaidia: alikuwa akijiuliza kila mara jicho limesimama wapi.

Nami nakuuliza hilo hilo. Kipimo cha 30 na 90 nimekikisia. Nani atatazama Kimamba, na atakuwa amesimama au ameketi?

Mwana_Kimamba

Kaka wa Leeds, swali lako limenikalisha chini.

Ubao nimeuweka juu ya kabati la vitambaa, sentimita 120 kutoka sakafuni, kwa sababu nafanya kazi nimesimama. Nimechukua futi yangu ya kushonea nikaenda kwa baba alipokaa, nikapima kutoka sakafuni hadi kwenye jicho lake. Sentimita 112.

Jicho lake liko chini ya ubao. Miezi yote hii ninayojenga, mtu ninayemjengea angeona ukingo wa mbao na vichwa vya misumari. Mimi ninayepima watu kila siku, nimejenga kwa kimo changu mwenyewe.

Sasa ubao nauteremsha hadi 72, juu ya meza ya kulia chakula. Jicho lake litakuwa 40 juu ya ubao. Kiti chake siwezi kukisogeza karibu sana kwa ajili ya miguu, kwa hiyo jicho litakuwa sentimita 120 kutoka kwenye kioo. 40 mara 40 ni 1,600, gawanya kwa 160. Inakuja 10 kamili. Nimefanya hesabu sawasawa?

Mswahili_Leeds

Sawasawa kabisa. Kata cha sentimita 10. Akisogea mbele kutazama vizuri hakuna kitakachoharibika, maana akikaribia kioo kinamwonyesha zaidi vitu vya karibu. Hatari iko akisogea nyuma au akishusha kichwa, hapo treni pacha itachungulia. Weka alama sakafuni pa kuweka kiti.

Wageni waliosimama watalipata shamba fupi, labda nyongeza ya shubiri moja tu, kisha milima. Huwezi kumridhisha kila jicho kwa kioo kimoja. Chagua moja, na umeshalichagua.

MzeeWaReli (Tabora)

Amani kwenu vijana. Binti yangu, nimesoma huu uzi mara mbili. Reli ya Kati nimeifanyia kazi, Kimamba nimeipita mchana na usiku, na baba yako na mimi huenda tuliwahi kupeana ishara ya taa bila kujuana majina. Msalimie.

Hapo kwenye kung'oa mistari, usihuzunike, kwa sababu mistari mraba ndiyo kweli yenyewe. Ukikaa dirishani treni ikipita kwenye mashamba, mistari ya mkonge inafunguka na kufunga mbele yako kama mtu anayepekua kurasa. Unaona njia moja ndefu mpaka mwisho, inafumba, inafuata nyingine. Mshazari haukupi hilo. Baba yako analikumbuka, na treni yako ikipita mbele ya mistari iliyonyooka ataliona tena.

Na usipande mstari mmoja mmoja kwa nafasi sawa. Mkonge wa mashamba makubwa hupandwa mistari pacha: mita moja kati ya mistari miwili, kisha njia ya mita nne, kisha pacha nyingine. Mmea hadi mmea sentimita 80. Kwa kipimo chenu nimepiga hesabu: pacha milimita 11 au 12, njia milimita 46, mmea hadi mmea milimita 9. Hizo njia pana ndizo zinazolipeleka jicho mpaka kwenye kioo. Bila njia, shamba litaonekana kama zulia.

Panda pia milingoti. Mkonge ukizeeka unatoa mlingoti wa mita 5 au 6, kwenu ni sentimita 6 au 7. Weka michache karibu na kioo.  Usiweke mingi, shamba lenye milingoti mingi ni shamba lililotelekezwa, na shamba la Kimamba ya baba yako lilikuwa likikatwa.

Kona ya kulia kioo kinapoishia, weka korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge. Jenga nusu tu ya banda, ulikate katikati, uliegemeze kwenye kioo, litakuwa banda zima. Na kiberenge cha mkonge kitoke huko kwa reli yake nyembamba ya sentimita 60, kwenu milimita 7. Reli ya kiberenge iingie kwenye kioo mraba kama mistari, na behewa lake lisitembee. Kikitembea kuelekea kioo kitagongana na mwenzake.

Kibao cha jina la stesheni kiweke upande ambao kioo hakifiki. K na B zitageuka, na stesheni masta hawezi kukosa kuona jina la stesheni yake limeandikwa kinyumenyume.

Neno moja la upendo. Reli yetu ile ni ya mita moja, kwa 1:87 ni milimita 11 na nusu. Seti yako ya milimita 16 na nusu ni upana wa SGR, reli mpya ya kisasa, milimita 1,435 kamili. Ziko reli za HO za milimita 12 zilizotengenezwa kwa ajili ya reli za mita moja. Siku ukiweza, badilisha. Mzee wa reli hutazama upana wa reli kabla hajatazama treni.

Mwana_Kimamba

Shikamoo mzee. Nimempa baba salamu zako, akauliza, "Wa Tabora yupi?" na akaanza kutaja majina ambayo sijawahi kuyasikia nyumbani kwetu.

Upana wa reli nimeuelewa na utaingia kwenye orodha. Kwanza mkonge.

Mwana_Kimamba, wiki saba baadaye

Wakuu, nimerudi na majibu.

Kioo kipya ni cha milimita 2, sentimita 90 kwa 10, kingo zimesagwa, nimekibandika kwa utepe wa sponji. Ufa upo ukiutafuta kwa tochi. Kwa nyasi nilizopanda mbele yake (ni nyuzi za katani zenyewe, nimezikata fupi na kuzipaka rangi) sijaona mtu aliyeugundua.

Mikonge 600 niling'oa yote. Kama 140 ilichanika majani, nikakata mingine. Sasa iko 980, mistari pacha 15 na njia zake, kama mzee alivyosema. Nilitandika uzi wa cherehani kutoka kwenye kioo hadi reli kwa kila mstari, na kujua kama uko mraba sikuhitaji kipimo: uzi wenyewe na taswira yake lazima viwe mstari mmoja. Ukipinda hata kidogo kioo kinakuambia papo hapo. Kioo kilichonivunjia mistari ndicho kilichoninyooshea.

Milima ya Ukaguru nimeichora kwenye kitambaa cha marekani, rangi hafifu sana, bluu ya asubuhi. Mara ya kwanza niliichora kijani kibichi ikaja karibu mno, ikalila shamba. Nikakifua kitambaa nikaanza upya. Kitambaa kinaanzia nyuma ya kioo, hakianzii juu yake, ili kusiwe na mwanya.

Kitu kimoja hamkunionya nacho: taa. Balbu ya sebuleni iko mbele ya meza. Mwanga wake ulipiga kioo ukarudi shambani, mikonge ya nyuma ikawa na vivuli viwili, kimoja kinaelekea milimani, kimoja kinaelekea kwa mtazamaji. Nimehangaika siku tatu. Mwishowe nimetundika taa ndefu ya utepe juu kabisa ya kioo, sambamba nacho, mwanga unashuka wima. Vivuli vimekuwa vifupi, kama saa sita mchana, na vya kwenye kioo vinafanana na vya shambani. Anayejenga, apange taa kabla hajapanda.

Korona ya nusu banda imekuwa zima. Kiberenge kimeegeshwa sentimita 12 kutoka kwenye kioo, na kule ndani kuna kingine kinachokisubiri.

Jumapili nilimkalisha baba kwenye alama. Sikumwambia kuna kioo. Nikazima balbu ya sebuleni, nikawasha taa ya utepe, nikaitoa treni taratibu kutoka kulia. Alitazama mpaka ikafika stesheni. Kisha akanyoosha kidole, si kwa treni, akaonyesha ndani kabisa, njia ya saba au ya nane, pale ambapo ni kioo kitupu.

"Kule mwisho," akasema, "ndiko mlikokuwa mkipotelea, nami nawaita kwa filimbi."

Mzee wa Tabora, amekuomba umwambie ulikuwa kituo gani.